Nafasi ya Arobaini na Tisa

Nimeanza kuandika habari hii mara tisa, na mara nane nimeichana. Kila nilipoanza nilijikuta naweka mbele mambo yanayonipa nafuu: kwamba nilikuwa nimechoka, kwamba karatasi ya kuchorea ilinibidi niiagize Bariadi mjini, kwamba hakuna aliyenifundisha kazi ile. Yote ni kweli na hayapunguzi kitu. Safari hii naanza na lenyewe. Nilimwondoa mama mmoja kwenye uwanja wa senta yetu kwa kalamu, nikijua ninachofanya, kisha nikamwachia lawama rafiki yake.

Uwanja wetu uko katikati ya senta, kwenye njia inayotoka Bariadi kwenda Kasoli. Upande mmoja kuna ghala la pamba, upande wa pili mashine ya kusaga, upande wa tatu ofisi ya kata, na upande wa nne vibaraza vya maduka. Steshenari ninayofanyia kazi ni kibaraza cha pili, kwa hiyo nimekua nikiutazama uwanja huo kama watu wengine wanavyotazama televisheni. Nimeuona ukiwa vumbi, nimeuona ukiwa tope jeusi linalovua watu kandambili. Nimeona ng'ombe wakichanjwa pale, kwaya zikishindana, na mgombea mmoja akihutubia mbuzi kwa sababu watu walikuwa wamekwenda shambani.

Zamani haukuwa soko. Ulikuwa mahali pa kusubiri. Watu wa vijijini walileta pamba kwa mikokoteni ya ng'ombe, wakajipanga mbele ya ghala, na foleni ikiwa ndefu walikaa hapo siku mbili au tatu, wamelalia magunia yao. Mtu anayesubiri husikia njaa. Wanawake wa karibu wakaanza kuleta uji, viazi na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa na kupikwa kwa karanga. Walikaa kando ya foleni. Msimu wa pamba ulipokwisha foleni iliondoka, wao wakabaki. Baada ya mavuno ngoma zilichezwa pale pale, makundi mawili kwa wakati mmoja, kila moja kwenye ncha yake ya uwanja, na watu wakikimbilia kundi linalocheza vizuri zaidi. Kundi lililoshindwa lilijikuta limebaki na wapiga ngoma wake na watoto wachache wasioelewa kinachoendelea.

Hayo yote nilisimuliwa na dada anayeuza nyanya. Namwita dada kwa heshima ya soko. Kwa umri angeweza kunizaa. Yeye alikuwa akikaa safu ya tatu, na kushoto kwake alikaa mama mtu mzima ambaye kila mtu alimwita mayu wa nsansa. Mayu kwetu ni mama. Wawili hao walikaa bega kwa bega tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Walitumia kisu kimoja, mwavuli mmoja, na nadhani hata usingizi wa mchana waliupanga kwa zamu.

Kuna desturi moja ya uwanja huo ambayo ni lazima niieleze, maana kosa langu limekaa ndani yake. Muuzaji akipata msiba au akienda kuuguza mgonjwa mbali, hageuki kuwa mtu aliyeondoka. Anafunika ungo mkuukuu kwenye nafasi yake, juu yake anaweka jiwe, na anamkabidhi jirani. Basi. Hakuna atakayekaa pale, hata mwenyewe akikaa huko mwaka mzima. Anayefagia anafagia kuuzunguka ungo. Ng'ombe wakipitishwa, mchungaji anawakwepesha. Nimeona dereva wa lori la pamba akiteremka kupima kwa macho kama tairi litaugusa.

Mayu wa nsansa alikuwa ameondoka. Dada yake wa tumbo moja alikuwa mgonjwa sana huko Lingeka, Meatu, naye alikwenda kumuuguza. Alifunika ungo wake, akamwambia dada wa nyanya, "Nakuachia," akapanda gari.

Miezi kadhaa baadaye mtendaji wa kata alikuja dukani. Alisema uwanja utapangwa vitofali, kila muuzaji atapakiwa rangi na namba ya nafasi yake, kusiwe tena na ugomvi wala tope.

"Wahandisi watakuja na vipimo vyao," alisema. "Lakini wanataka kwanza mchoro wa hali ilivyo. Nani anakaa wapi. Atakayekuwemo kwenye mchoro ndiye atakayepata namba. Nimesikia wewe unachora."

Alisikia kweli. Nilimaliza kidato cha nne na hesabu ilinikatalia kabisa, jambo ambalo mpaka leo likitajwa natazama chini. Nilijifunza kuchora mwenyewe, kwa kitabu cha michoro ya ufundi kisicho na jalada nilichokikuta kwenye rundo la vitabu chakavu, na kwa video za kwenye simu. Nilikuwa nachora kila kitu: mlango wa duka, choo cha jirani, jiko la mama yangu likionekana kutoka juu. Na nina ugonjwa wa kutaka kila kitu kinyooke. Fotokopi ikitoka imepinda kidogo naitupa, natoa nyingine. Wateja wamezoea kunitania.

"Binti, hiyo ni fomu ya mbolea," aliwahi kuniambia mzee mmoja. "Siyo cheti cha ndoa."

Nilimwambia mtendaji nitachora. Moyo ulikuwa unapiga kana kwamba nimeitwa chuo.

Nilipima uwanja kwa wiki mbili, kwa kamba na futi ya fundi cherehani. Wanawake walinifanyia kila aina ya mzaha.

"Unatupima majeneza?"

"Mimi nipime kwa upana, nina makalio ya watu wawili!"

"Mpime huyo mama wa dagaa, yeye na kelele zake. Kelele nazo zinataka nafasi."

Niliandika kila kitu kwenye daftari. Daftari hilo ninalo mpaka leo, na ukurasa wa safu ya tatu unasema wazi, kwa mwandiko wangu: nyanya, ungo, dagaa. Kwa hiyo siwezi kusema sikuona.

Nikaanza kuchora kwa wino. Karatasi ya kwanza ilidondokewa na jasho. Ya pili, rula iliteleza. Ya tatu, nilikosea herufi kwenye neno "ghala", herufi moja tu, nikashindwa kuivumilia. Ya nne ilikuwa nzuri mpaka kalamu ilipotapika. Ya tano nilinawa mikono kila baada ya mistari kumi, nikafunga mlango wa chumba ili kuku wasiingie, na ikatoka. Nafasi arobaini na nane, safu sita, kila safu nafasi nane. Ilikuwa safi hivi kwamba niliogopa kuipumulia.

Katika karatasi hiyo ya tano, ungo haukuwemo. Hapo sikukusudia, na hilo nalisema bila kujitetea. Nilikuwa nachora watu kichwani, mmoja baada ya mwingine, na ungo si mtu. Kalamu ilitoka kwenye nyanya ikaenda kwenye dagaa, na nilipohesabu nikapata nane, nane, nane mpaka chini. Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa na kosa la kawaida.

Kesho yake dada wa nyanya aliingia dukani akijifuta mikono kwenye kitenge. "Nionyeshe mimi niko wapi."

Nikamwonyesha kwa ncha ya penseli, bila kugusa. "Hapa. Kumi na tisa."

"Eeh! Nimekuwa kasanduku. Na jirani yangu?"

"Huyu, ishirini. Mama wa dagaa."

"Siyo huyo. Wa nsansa. Pale penye ungo."

Nilitazama mchoro.

"Nitamwongeza," nikasema.

"Usisahau, ng'wanone." Neno hilo kwetu ni mwanangu. "Alinikabidhi mimi."

Alipotoka nilikaa na ile karatasi. Kumwongeza kulitaka nikwangue wino kwa wembe, na wembe huchimbua karatasi ikawa na manyoya. Kulitaka nibadilishe namba zote kuanzia ishirini mpaka mwisho. Safu ya tatu ingekuwa na nafasi tisa na kujitokeza nje kama jino lililoota vibaya. Au nianze karatasi ya sita. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya kuukabidhi mchoro ofisini. Nimejiuliza mara nyingi kama siku tatu zingetosha. Zingetosha. Ile ya tano niliichora kwa siku mbili.

Nilijiambia mambo. Kwamba mama huyo hatarudi karibuni. Kwamba uwanjani watu wataelewana wenyewe, kama walivyoelewana siku zote. Kwamba wahandisi watapima upya. Nilijiambia mpaka nikatulia, nikaiviringisha karatasi na kuiingiza kwenye bomba la plastiki.

Asubuhi dada wa nyanya alipita mbele ya duka na beseni lake kichwani. Hakusimama, aliuliza huku anatembea.

"Umemwongeza?"

"Nimemwongeza, dada."

"Wabeja!" akasema, yaani asante, akaenda zake.

Mtendaji alipoufungua mchoro aliwaita watu wa ofisi nzima. Bwana shamba alikuja, na mtu wa mifugo akaja na sindano mkononi. "Amesomea wapi huyu?" "Hajasomea popote, kajifundisha mwenyewe!" Sikuwahi kusifiwa hivyo na mtu mwenye meza. Niliwapa na ukurasa mmoja wa historia ya uwanja niliouandika ili mchoro usiende peke yake. Ndani yake kulikuwa na sentensi niliyojivunia, kuhusu wanawake walioanzisha soko kwa kuwalisha waliosubiri pamba yao ipimwe. Dada wa nyanya ndiye aliyenipa habari hiyo, na alikuwa ameniambia zaidi: mama yake mayu wa nsansa alikuwa mmoja wa wale wa kwanza, na nafasi yenye ungo ndiyo aliyokalia tangu enzi za foleni. Sentensi niliiandika, nafasi yenyewe sikuichora. Nilisimama ofisini na tabasamu, na karatasi mbili mezani, moja ikimsifu mama yake mayu na nyingine ikimfukuza mayu mwenyewe, na mimi nikiwa peke yangu ninayejua.

Wahandisi hawakupima upya. Walichukua mchoro wangu kama ulivyo.

Wakati wa ujenzi wauzaji walihamia kando ya barabara. Vibarua walisafisha uwanja, na ule ungo, pamoja na jiwe lake, ulikwenda kwenye lundo la taka. Hawakuwa watu wa hapa. Wangejuaje? Vitofali vilipangwa, rangi ya njano ikapakwa, namba zikagawiwa kwa kuitwa majina. Dada wa nyanya alisubiri mpaka jina la mwisho. Nilimwona akizunguka akitazama chini, namba kwa namba, kama mtu aliyedondosha hereni. Niliingia ndani ya duka nikajifanya napanga madaftari.

Wiki hiyo hiyo mayu wa nsansa akarudi. Dada yake alikuwa amefariki, walishamaliza matanga. Alikuwa amepungua hata mgongoni. Alikuja na kapu kichwani, akaingia uwanjani kutoka upande wa mashine ya kusaga kama alivyozoea, akahesabu safu, akasimama kati ya nyanya na dagaa. Hapakuwa na kati. Kulikuwa na mstari mmoja wa njano, upana wa vidole vitatu. Alisimama juu yake na kapu lake bado kichwani.

Waliitana ofisini, na mimi nikaitwa.

"Binti," mtendaji alisema kwa upole, "mama huyu hayumo. Ilikuwaje?"

"Nilimwambia," dada wa nyanya alidakia kabla sijafungua mdomo. "Nilimwambia mwenyewe dukani, na akasema amemwongeza."

Watu wote wakanigeukia. Kama kungekuwa na ukimya mrefu kidogo labda ningesema kweli. Napenda kuamini hivyo. Lakini bwana shamba yule yule aliyenisifu alikuwa ananitazama, na mdomo wangu ukatangulia.

"Sikumbuki kuambiwa," nikasema. "Labda alimtajia mtu mwingine."

Mayu wa nsansa hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama rafiki yake.

"Nilikukabidhi wewe."

"Mayu, haki ya Mungu nilisema."

"Ulisema, nani alisikia?"

Mtendaji alisema mchoro umeshagongwa mhuri, namba zimekwisha, itabidi asubiri mtu aache nafasi. Watu wakatoka mmoja mmoja.

Mayu wa nsansa akaweka kapu lake kando ya barabara, karibu na tuta, pale malori yanapopunguza mwendo na kumwaga vumbi lote yaliloanza nalo safari. Nsansa ni majani makavu. Vumbi likiingia, hata ukiyaosha mara tatu unasikia mchanga kwenye meno. Watu walimsalimia, wakainama, wakagusa, wakaenda kununua kwingine. Jioni alirudi nyumbani na kapu lile lile, uzito ule ule.

Na hakumsalimia tena dada wa nyanya. Kwetu hilo ni jambo zito. Mtu ng'ombe wake akila mahindi yako, utamshtaki, lakini asubuhi mtasalimiana. Mayu alipita mbele ya safu ya tatu kila siku kwenda kuchota maji ya kunawa, na alipita akitazama ghala. Dada wa nyanya mwanzoni aliita salamu ya asubuhi, "Mwangaluka, mayu!" Akaita siku kadhaa. Kisha akaacha. Mizaha yake ikapungua. Watu wakaanza kusema chini chini kwamba labda aliitaka nafasi ile apanue nyanya zake, na mimi niliyasikia maneno hayo nikiwa nalaminisha vitambulisho, nikaendelea kulaminisha.

Hivyo ilikaa miezi miwili. Nakumbuka kuwa katika miezi hiyo fotokopi zangu zilitoka zimepinda na sikuziona.

Kilichonivunja hakikuwa hasira ya mtu yeyote. Dada wa nyanya alikuja dukani kutoa nakala ya fomu ya shule ya mwanawe. Tulikuwa wawili tu. Mashine ilikuwa inapasha moto, na yeye akaegemea meza, akasema kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Hivi, ng'wanone, labda kweli sikukwambia? Maana nimewaza sana. Labda nilikusudia nikasahau. Umri nao. Nimeanza kujitilia shaka."

Nilimpa nakala yake. Alipotoka nilifunga duka, nikaenda nyuma kwenye tanki la maji, nikalia hadi nikatapika. Nilikuwa nimechukua nafasi ya mmoja. Sasa nilikuwa nachukua akili ya mwingine, na yeye mwenyewe alikuwa ananikabidhi.

Nilimwendea mwenyekiti wa soko siku hiyo hiyo, mzee mfupi anayeuza kamba na majembe, nikamwomba niseme neno kwenye dagashida. Hiyo ndiyo mikutano yetu ya wote, inayoitwa uwanjani pale mtu akikosea watu.

"Nani kakukosea?" akauliza.

"Mimi nimekosea."

Akanitazama juu mpaka chini. "Basi mtu anayejileta mwenyewe tunamweka wa kwanza. Njoo Jumamosi."

Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwa Kiswahili, ukurasa mzima, umenyooka. Niliposimama juu ya vile vitofali nikaona hayafai. Yalikuwa na maneno kama "kasoro zilijitokeza" na "taarifa haikuzingatiwa". Katika Kiswahili cha ofisi mambo hujitokeza yenyewe, hakuna mtu aliyeyatenda. Nikakunja karatasi nikasema kwa Kisukuma, ambamo sina pa kujificha. Nilisema dada wa nyanya aliniambia. Nilisema niliahidi. Nilisema aliniuliza tena nikamdanganya nikiwa mlangoni pa duka, na ofisini nikadanganya mara ya pili mbele ya watu. Nilisema sababu: sikutaka kuharibu karatasi.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Karatasi?"

"Karatasi."

"Yaani kalamu ndiyo imemfukuza mayu, siyo serikali!" Wakacheka, kicheko kile cha watu wanaokasirika. Mama wa dagaa hakucheka. "Mtoto una roho ngumu wewe. Miezi miwili tumemsengenya mwenzetu!" Mwingine akasema hizo ndizo faida za kumpa kazi mtu asiyesoma, na hilo liliniingia kuliko yote, nami nililistahili. Mama yangu alikuwa amekaa pembeni. Alijifunika kitenge kichwani, akabaki amejifunika.

Mwenyekiti akasema faini ni mbuzi, kama desturi ilivyo, achinjwe aliwe na wote. Watu wakaafiki. Mayu wa nsansa akanyoosha mkono.

"Mbuzi tutamla," alisema. "Kesho mimi nitakaa wapi?"

Hakuna aliyekuwa amefika huko. Mtendaji, aliyekuwepo, akaanza tena habari ya mhuri. Mwenyekiti akamkata kwa adabu. "Mheshimiwa, mhuri uko kwenye karatasi. Sisi tuko hapa chini." Akaleta kamba kutoka dukani kwake, akapima safu ya tatu kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaikunja mara nane, akaikunjua, akaikunja upya mara tisa.

"Kila mmoja anatoa shubiri," akasema.

"Na mimi niwe kasanduku zaidi ya hapa?" mama wa dagaa akalalamika.

"Wewe punguza kelele, utatosha."

Safari hii walicheka vizuri. Wakaanza kusogea pale pale, siku ambayo haikuwa hata ya soko, wakiburuta meza na vigoda, kila mmoja akivuka mstari wake wa njano na kuingia kwa jirani. Namba ishirini ikawa chini ya meza ya mtu mmoja na nusu. Dada wa nyanya alisogeza makreti yake wa kwanza, kabla hajaambiwa.

Mayu alimwendea. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Nimekukosea," mayu alisema.

"Miezi miwili, mayu. Ulinipita kama nguzo."

"Nilikupita."

"Hata nguzo mtu huigusa."

Dada wa nyanya aliendelea kusogeza makreti, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wiki nzima walikaa bega kwa bega bila kuongea. Niliwatazama kutoka kibarazani, nikijua kwamba kimya kile nimekitengeneza mimi na siwezi kukifuta kwa wembe. Siku ya nane mayu alihitaji kisu. Akanyoosha mkono bila kugeuka, na mwenzake akampa bila kugeuka. Sijui kama wamerudi walivyokuwa. Wanaongea sasa, lakini ile mizaha ya zamani, ya kutukanana kwa furaha, sijaisikia tena.

Mimi nilikwenda nyumbani kwa mayu, nikapiga magoti kama inavyopasa, nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe. Nikaenda tena siku ya pili, maana nilihisi sikusema vizuri, kuna sentensi niliiruka. Nikaenda na ya tatu. Alikuwa anachambua majani.

"Wewe mtoto," alisema, "nimeshakusamehe Jumapili, kanisani, mbele ya Mungu. Ukija kuniuliza tena nitaanza kukasirika upya."

Nikaacha kwenda. Lakini bado naandika, kama unavyoona, na nadhani huku nako ni kumwuliza.

Wauzaji wengi sasa wanapeleka fomu zao kwenye duka la pili, karibu na mashine. Sina neno. Dada wa nyanya bado anakuja kwangu. Sijamwuliza kwa nini, naogopa jibu.

Mwezi uliopita ofisi ya kata iliamua kuchora upya mchoro ulingane na watu walivyokaa. Hawakuniita. Mtendaji alichora mwenyewe kwa kalamu ya kawaida, nyuma ya bango la chanjo, akiwa amesimama uwanjani huku wauzaji wamemzunguka wakimwelekeza wote kwa pamoja. Ukatundikwa dirishani pa ofisi. Nilikwenda kuutazama wakati wa mchana, watu wakiwa wachache. Mistari inapanda na kushuka kama njia ya ng'ombe. Ghala limekuwa dogo kuliko meza ya dagaa. Namba kumi na saba imeandikwa mara mbili. Nilitafuta safu ya tatu, nikaona nyanya, nikaona nsansa, nikaona dagaa. Nikahesabu zote, arobaini na tisa. Nikahesabu tena.

Mtendaji alikuwa ndani. Nikashindwa kujizuia.

"Mheshimiwa, kuna kumi na saba mbili."

"Wenyewe wanajuana," akajibu bila kuinua kichwa.

Nilibaki pale. Kalamu ilikuwa mfukoni mwangu. Ingekuwa kazi ya sekunde moja kuigeuza ile saba iwe nane, na baada ya hapo zote zinazofuata. Sikujua kama mkono wangu ulikuwa umeanza kunyanyuka mpaka niliposikia sauti nyuma yangu, ya dada wa nyanya aliyekuwa akipita na beseni lake.

"Wewe! Mikono nyuma!"

Nikaiweka nyuma. Naye akasimama pale, beseni kichwani, akinisubiri niondoke kwanza.